Dereva Aliyeacha Kurudi Nyuma

Hamtaniamini, lakini kaka yangu, dereva mstaafu wa lori, aliacha kabisa kurudisha gari nyuma. Alianguka bafuni, shingo ikagoma kugeuka, naye akaficha jambo hilo asije akanyang’anywa gari. Alihisi bintiye anazinyemelea funguo za gari. Hata akiletewa chai, alimtupia jicho la pembeni: huyu anapeleleza nini?

Asubuhi moja binti akasema, “Baba, rudi nyuma kidogo, gari lako limeziba langu.”

“Nani kakutuma?”

“Hakuna, baba. Nachelewa kazini.”

Akarudi nyuma bila kugeuka. Akagonga ndoo ya nguo, ikaruka juu ya paa, ikavuka nyumba tatu, ikatua kwenye—

“Mdogo wangu, acha chumvi!” kaka akanikatiza. “ Ndoo ilipasuka palepale, na mke wangu, aliyekuwa akifua hapo, alikuwa ndiyo kwanza ameinuka. Siku hiyohiyo funguo nilimpa binti yangu, kwa hiari yangu.”