Mvua ya Julai na Hindi la Mwisho

Mimi mvua ya Kitengela siiamini. Wengine wakitoka nje kuishukuru, mimi hubaki mlangoni nikiitazama inatoka upande gani na kama ina haraka ya kuondoka. Mume wangu husema nina roho ngumu. Namwambia nimerithi, na niliyemrithi alikuwa na sababu zake.

Mama yangu alizaliwa magharibi, kule ambako mvua hufika kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Ngurumo ikisikika, watu huanua nguo na kuendelea na mazungumzo yao. Baba ni wa huko huko, lakini alikuwa na kazi ya ofisi Nairobi, na katikati ya miaka ya tisini alinunua ploti nje ya Kitengela, ukielekea Kisaju. Akajenga nyumba ndogo ya mawe, na nyuma yake jikoni ya mabati. Tulihamia wakati wa kiangazi. Ule udongo mweusi ulikuwa umepasuka hivi kwamba mguu wangu ungeweza kuzama ndani ya ufa. Mama aliutazama akasema, "Hapa kazi iko."

Alikuwa amekuja na mbegu. Nyanya, mama yake, alikuwa na mahindi yake ya rangi: punje za zambarau, za njano, nyingine karibu nyeusi, zote kwenye hindi moja. Kwao mbegu hiyo haikutiwa kwenye gunia. Hindi bora liliachwa na maganda yake, maganda yakasukwa kama nywele, kisha likatundikwa juu ya moto ili moshi ulikinge na wadudu. Nyanya alipewa na mama yake, naye akampa binti yake fungu zima siku tulipoaga. Mama alilibeba mapajani safari nzima, mzigo wetu mwingine ukiwa umerushwa juu ya bodi ya lori.

Mwaka wa kwanza alifanya kosa ambalo ni sisi tu, watu wa kutoka mvuani, tunaweza kulifanya. Mvua ya kwanza iliponyesha, alipanda siku hiyo hiyo, kama ambavyo angefanya kwao. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakapendeza, mvua ikakata. Tuliyatazama yakikauka kuanzia chini. Mwaka uliofuata akapanda tena, mvua ikamdanganya kwa namna ile ile. Katikati ya mambo hayo nyanya akafariki, na mjomba akapanda miwa shamba lote la nyanya. Tulipotoka mazishini, mama hakuwa tena na mtu wa kumwomba mbegu. Lilibaki hindi moja, jikoni kwetu, kwenye msumari.

Kuanzia hapo hakupanda. "Hii mvua ya huku ni ya kuonja tu," alisema. "Inakuonjesha, halafu inaenda." Hata mwaka ule wa El Niño, barabara zilipokatika na watu wakavuna mpaka wakachoka, yeye alisimama mlangoni akisema ngojeni, itakata. Ilinyesha hadi mwaka mwingine na bado alikuwa akisema itakata.

Baba alimtania. "Sasa wewe unataka nini? Unataka ikuandikie barua?"

"Nataka iape," mama akamjibu.

Lakini hindi lenyewe alilitunza. Siku hizo tulipikia makaa, na makaa hayana moshi, kwa hiyo kila Jumamosi aliwasha kuni kwenye mafiga hata kama hapakuwa na cha kupika. Tulikaa pale tukitokwa machozi ili hindi lipate moshi wake. Baba alisema katika nyumba ile hindi lilikuwa na heshima kuliko yeye, na sidhani alikuwa anakosea sana.

Kisha kikaja kile kiangazi kirefu cha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa kila asubuhi, alianza kuleta nusu, kisha robo, kisha akawa anapita kutusalimia tu. Mume wake alihamisha ng'ombe hadi pande za Mashuuru, akarudi na wachache waliobaki, mbavu zikihesabika ukiwa mbali. Makanisani watu waliombea mvua. Mama pia aliomba, ila nilikuwa nikisimama karibu naye na nilimsikia: aliomba mvua ya ukweli.

Ikaja Julai. Julai kwetu ni mwezi wa baridi, mwezi wa ukungu na manyunyu yasiyolowesha hata kuku. Mwaka huo, bila mtu yeyote kutarajia, ilifunguka mvua nzito, ya baridi, mchana na usiku. Majirani walitoka nje wakapiga vigelegele. Mama alifungua mlango, akaitazama kama mgeni aliyefika na mifuko mitupu wakati wa chakula.

"Julai?" akasema. "Nani ameiita?"

Mimi nilifurahi, siwezi kudanganya. Tangi lilijaa mpaka likafurika, tukaoga kwa maji mengi, vyura wakaimba kutoka mahali ambapo hatukujua wamekuwa wakilala. Lakini kila nilipocheka nilimwangalia mama kwanza, na uso wake ulinifanya nipunguze sauti.

Siku chache baadaye jirani yetu alikuja, shuka zimemgandia mwilini, bila mtungi wa maziwa. "Sopa," akasalimu kwa Kimaasai. "Ipa," mama akaitikia, akamvutia kiti karibu na jiko.

"Zile ng'ombe zilikuwa zimebaki," jirani akasema, "zimeisha. Ni baridi. Zilivumilia jua yote hiyo, mama, halafu zikakufa na mvua."

Ng'ombe aliyekondeana hana mafuta ya kumkinga, na mvua ya namna ile humwangusha usiku mmoja. Sikujua hilo hadi siku hiyo. Mama hakusema, "Niliwaambia." Alimimina chai kwenye kikombe kikubwa, akaongeza sukari bila kuulizwa. Jirani alipoondoka, mama alifunga mlango akasema kwa sauti ya chini, "Mnaona? Mnaona vile inafanya?" Nilimwogopa kidogo. Niliiogopa mvua zaidi.

Jikoni ya mabati ilikuwa imejaa matope, kwa hiyo tulihamia kupikia ndani ya nyumba, na hata moshi wa Jumamosi ukasahaulika. Hakuna aliyeingia kule nyuma hadi wiki ya pili, mama aliponituma nikachukue sufuria kubwa. Nilisukuma mlango nikasikia matone, yakifuatana polepole. Upepo ulikuwa umelegeza msumari mmoja wa paa, na maji yalikuwa yakipenya kwenye tundu lake, tone baada ya tone, moja kwa moja juu ya hindi la nyanya.

Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio, mguu mmoja na kandambili, mwingine bila. Alilitungua hindi, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Upande mmoja ulikuwa umeoza na kunuka. Upande wa pili, kila punje ilikuwa imetoa mche mweupe, mfupi, na vijizizi vilivyotapakaa kwenye maganda. Lilikuwa limeota lile hindi, likiwa limening'inia hewani.

Mama aliligeuzageuza mkononi. Nilidhani atalia. Badala yake alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Imenishika," akasema. "Hii mvua imenishika."

Kwa sababu sasa hapakuwa na kungoja. Mbegu iliyoota hairudi kulala. Ama aipande siku hiyo, kwenye mvua asiyoiamini, katika mwezi ambao hakuna anayepanda, ama aitupe pamoja na mama yake na mama wa mama yake. Alivua ile kandambili iliyobaki, akachukua jembe. Nilimfuata na karai. Udongo ule mweusi ukiloa hukuvua viatu na kukuvuta mguu, na mama aliuchimba akiutukana. Aliinua matuta ili miche isizame. Alizitenganisha punje kwa ncha ya kisu, akazilaza moja moja, na kwa kila moja aliisemesha mvua, si mbegu: "Haya. Haya, nyesha sasa tuone."

Mvua ikakata wiki hiyo hiyo.

Nilimtazama mama kama mtu anayengoja kipigo. Lakini hakushangaa hata kidogo. Nafikiri alikuwa karibu kufurahi, kwa vile alikuwa ameisoma sawasawa. Alikwenda kwenye tangi, akaligonga kwa ngumi kutoka chini hadi juu kusikiliza, akaufunga mfereji wake kwa kufuli. Maji ya mvua ile yakawa ya mahindi. Sisi tulirudi kununua maji ya mkokoteni wa punda, na yale tuliyonawia uso yalipelekwa matutani. Jirani yetu alipoona alicheka, kicheko cha kwanza tangu ng'ombe wake waishe, kisha akatuletea gunia la mbolea ya boma. "Chukua," alimwambia mama. "Hakuna ng'ombe ya kuongeza ingine saa hii. Hii imebaki, ifanye kazi." Mama aliipokea kwa mikono miwili.

Mengi yalikufa. Yaliyobaki yalikua mafupi na magumu, na mvua ya mwisho wa mwaka ilipokuja, kidogo na kwa kuchelewa, iliyakuta yakiwa hai. Tulivuna karai moja, halikujaa. Mama alimenya hindi la kwanza akiwa amesimama. Zambarau, njano, karibu nyeusi. Hapo ndipo alipolia, akiwa ametugeuzia mgongo, na baba akatuashiria tumwache.

Aliyafunga mahindi mengine kwa mafungu akayagawa: kwa jirani, kwa dada yake, kwa mke wa mchungaji, yasikae tena mahali pamoja. Lililo zuri kuliko yote akalisuka maganda.

Baba, akitaka kumfurahisha, alipata lami kwenye kopo na ngazi ya kuazima, akapanda juu ya paa la jikoni kuliziba lile tundu kabla ya mvua nyingine. Mama alitoka akamkuta huko juu.

"Shuka," akamwambia. "Hiyo iache."

"Si itavuja?"

"Ivuje. Mvua ikiliotesha hindi tena, nitapanda."

Baba alimwangalia, akaniangalia mimi, akashuka na kopo lake. Mama aliingia jikoni, akalitundika hindi jipya kwenye msumari wa zamani. Kisha akainua uso kutazama ule mwanga mdogo kwenye paa, akalisogeza hindi kidogo upande huu, kidogo upande ule, mpaka likawa chini yake kabisa.