Maua ya Jakaranda kwa Musili

Nthenya alijiwekea mwiko: asimwandikie mumewe neno la huzuni. Musili alikuwa mlinzi Doha. Nthenya alibaki na mtoto wao Kioko, akifanya kazi za nyumbani mtaani Lavington na kuhesabu miezi ya mkataba wa mumewe iishe ili arudi.

Kila msimu alimtengenezea barua. Wakati wa masika alichora matone kwa wino wa buluu. Julai, baridi ilipouma, alishona ukingo wa karatasi kwa uzi wa sweta. Oktoba alibandika maua ya jakaranda aliyoyakausha ndani ya kitabu cha nyimbo. Zote zilianza hivi: "Mimi ni mzima, hofu ni kwako." Hakuwa mzima. Jumapili alivaa koti la Musili ili apate harufu yake.

Desemba 2005 Musili alipiga simu.

"Mama Kioko, wewe na maua yako! Naona umetulia kabisa, hata hunikumbuki. Basi nimeongeza mkataba, miaka miwili."

Nthenya alijibu: "Sawa, Baba Kioko. Sisi tuko salama."

Kuficha ukweli kwa upendo bado ni kuficha ukweli. Kulimgharimu miaka miwili zaidi bila mume.