Sentensi Iliyotutangulia Handeni

Nilikuwa nimeacha kazi ya utangazaji wa redio, nalima mahindi Magoma, mheshimiwa mmoja aliponiita Korogwe mjini. Hakuwa ametangaza lolote, ila alitaka kujua azungumze vipi na wananchi endapo angechukua fomu ya kugombea urais.

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mwalimu mstaafu kutoka Handeni, mama mtaratibu anayekijua Kizigua cha ndani. Tulikutana sebuleni kwa mheshimiwa, mtaa wa Masuguru, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Tulipanga aanzie wapi na aseme nini. Mwalimu akatoa sentensi iliyotushika wote: "Tumekunywa ahadi vya kutosha, sasa tunataka maji."

Haikupita wiki. Bwana mwingine aliyekuwa akitajwatajwa kwa nafasi hiyohiyo akaitamka Handeni mbele ya watu, neno kwa neno.

Handeni ni kwa mwalimu. Tulipokutana tena nilimwamkia, nikamuuliza wiki ile alionana na nani.

"Unaniuliza au unanihoji?"

"Nauliza tu, mwalimu."

"Shikamoo yako ya leo ilikuwa ndefu. Nikajua una jambo."

Alivyojibu kwa utulivu ndivyo nilivyozidi kumshuku. Nilimweleza mheshimiwa pembeni. Hakubisha hata kidogo. "Basi tuendelee wawili," akasema. Mwalimu hakuitwa tena.

Sisi wawili tukakubaliana aachane na viwanja vya mjini, aanzie Mashewa, akae na wakulima shambani. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Siku chache baadaye nikapata habari kwamba yule bwana mwingine yuko Mashewa, kakaa na wakulima shambani.

Nilikwenda Masuguru bila kuitwa. "Mheshimiwa, la Mashewa tulilijua wawili."

Alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha. "Yule ni ndugu yangu. Nimeamua kumwachia. Sasa ningekwendaje kwake mikono mitupu?"

"Na mwalimu je? Uliniacha nimfukuze."

"Mimi sikumtaja. Wewe ndiye uliyemtaja."

Hilo lilikuwa kweli.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Handeni. Mwalimu alinikuta nimesimama uani kwake, akanipa kiti na kikombe cha chai. Nilimweleza yote, tangu nilivyomshuku mpaka Mashewa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua kuna anayevujisha," akasema. "Nilimfikiria dereva wa mheshimiwa, nikamfikiria mpishi wake. Mheshimiwa nilimfikiria pia. Wewe hata sikukuwazia."

Nilitamani angenitukana. Nilimwomba radhi, akasema yamekwisha, akaniongezea chai. Kisha akaniuliza ni kitu gani kilinifanya nimwamini mheshimiwa kuliko yeye. Nilitafuta jibu la heshima nikalikosa, kwa sababu lile la kweli lilikuwa dogo mno: mheshimiwa alikuwa na cheo, na mwalimu alikuwa mstaafu tu.