Siku Aliyozaliwa Neema

Ipo siku moja, mwanangu, wewe unayetaka kwenda ng'ambo kutafuta mtoto, ambayo hunirudia kila mvua za kwanza zinapogonga bati. Tulikuwa tumerudi Bariadi kutoka India, mume wangu na mimi, nimempakata mtoto mchanga. Maradhi yalikuwa yameniondolea kizazi nikiwa bado kijana. Tukauza ng'ombe na shamba la pamba, na hospitali ya huko ikatutafutia mwanamke wa kutubebea mimba.

Mama mkwe alimpokea mjukuu, akamnusa utosini. Kwetu Wasukuma mtoto huitwa kwa namna alivyokuja: wa mvua ni Kabula, wa jua ni Limi. Basi akauliza, "Siku hiyo mvua ilinyesha, au jua liliwaka?"

"Hatujui, mayu," mume wangu akamjibu mama yake. "Tulikuwa hotelini. Tulipoitwa, alikuwa ameshafungwa blanketi."

"Mpigie simu aliyemzaa. Yeye anajua."

"Hatuna namba yake."

"Anaitwa nani?"

Nikajibu mimi. "Hospitali hawakutuambia, mama. Na sisi hatukuuliza."

Alinirudishia mtoto polepole. "Mbuzi akizaa zizini kwangu, najua ni yupi. Ninyi mmetoka kwa mtu na mwana mikononi, hata wabeja ya kumshukuru hamkumwambia."

Tukamwita Neema. Bibi yake alimpenda, alimbeba mpaka mgongo ukamuuma, lakini hakuacha kumwita Mgeni hadi siku alipofariki. Hospitali ile ilishafungwa. Simu yao haiiti.

Sasa Neema ni binti mkubwa. Juzi mvua ilipoanza, aliacha kuosha vyombo akaniuliza, "Mama, yule mwanamke aliponitoa mikononi mwake, alilia?"

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilichukua vyombo alivyoviacha, mwanangu, nikaendelea kuviosha.

Sikukatazi kwenda. Kukosa mtoto kunaunguza, na majirani huongeza kuni. Lakini ukifika huko ng'ambo, omba kukaa na atakayekubebea. Msikie kwa kinywa chake kama amekubali yeye, au ni njaa ya watoto wake iliyomkubalia. Jua jina lake. Siku ya uchungu usikae hotelini. Wakikukatalia hayo, rudi nyumbani hata kama mikono ni mitupu.

Mungu akujalie mtoto, mwanangu. Na siku atakapokuuliza alikotoka, akukute una la kumjibu.