Zima Gari Tusikie

Mjukuu wangu anajifunza udereva. Juzi alikaa barazani anakariri sheria za barabarani kwa sauti, nami napembua mchele, wala simsikilizi sana, mpaka alipofika pale panaposema kwamba gari lililobeba wanafunzi lazima lisimame kabla ya kuvuka reli. Nilicheka mpaka ungo ukataka kunitoka mikononi. Akaniuliza kulikoni. Nikamwambia sheria hiyo naijua tangu mama yake hajazaliwa, na kwetu haikuletwa na serikali. Iliwekwa na bibi yangu, mama mzaa baba, pale barabara ya kutoka Muheza kwenda Tanga ilipokata reli, naye ana jembe begani.

Kama ulikulia upande ule, unaikumbuka miaka ya hamsini. Asubuhi kijijini kwetu ilinukia maua ya michungwa na moshi wa kuni mbichi. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kufagia uwanja, kisha Bibi ananipa kiporo cha wali wa nazi, nakikomba upesi upesi huku ananifunga ushungi. Hapo tunasikia basi linakuja. Nasema basi, lakini lilikuwa lori kuukuu lililojengewa bodi la mbao. Asubuhi lilitupeleka skuli mjini, mchana likabeba machungwa, kwa hiyo hata madaftari yetu yalinukia maganda.

Dereva wake alikuwa mtu mcheshi, kofia upande, ila gari lake lilikuwa na ugonjwa. Stata ilikufa zamani. Likizimwa, haliwaki tena mpaka lisukumwe. Kwa hiyo alikuwa anatupakia huku linanguruma, na pale relini ndiyo kabisa hakuwa na habari ya kusimama. Reli ilitokea kwenye kona, mkonge umesimama pande zote mbili, huoni kitu. Yeye alipiga honi, akakanyaga mafuta, sisi tukarushwa juu ya mabenchi tunashangilia. Utoto ni kitu kingine, ndugu yangu.

Asubuhi moja gari la moshi la mizigo lilipita mgongoni mwetu, tukiwa ndio kwanza tumevuka. Upepo wake ulitikisa bodi zima. Siku ile hakuna aliyeshangilia. Jirani yetu alikuwa ndani ya basi, anakwenda mjini kuuza kuku, akarudi nyumbani mapema kuliko mimi. Nilipofika, Baba alikuwa ameshaambiwa yote.

Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba imetosha. Mtoto wa kike chuo cha Kurani ameshasoma, herufi anazijua, sasa akae na shangazi zake asuke mikeka. Nililia siku ile. Nilikuwa naipenda skuli kuliko sikukuu. Bibi alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, hata uso hakuinua.

"Mtoto atakwenda," alisema. "Hiyo reli niachie mimi."

Baba hakutaka kubishana na mama yake. Alimwambia kwa adabu kwamba atakuja kujionea mwenyewe, na akiona gari linavuka vile tena, atanishusha hapo hapo na skuli itakuwa imekwisha.

Kesho yake Bibi aliwachukua wanawake wenzake waliokuwa wanakwenda shamba, wakajipanga katikati ya barabara mbele ya reli. Dereva alifunga breki, vumbi likatumeza.

"Shikamoo, bibi. Mbona mnataka kunitia matatani?"

"Marahaba. Zima gari."

"Nikizima haliwaki."

"Zima tusikie."

Hilo ndilo Bibi alilokuwa amelifikiria. Pale konani huoni, lakini unaweza kusikia, ila injini ile ilinguruma kama mashine ya kusaga, hata honi ya gari la moshi ingepotea humo. Dereva akazima huku ananung'unika. Bibi akasogea ukingoni mwa reli, akainua mkono, nasi tukaambiwa tufunge midomo. Kimya kile sijakipata tena mahali popote. Njiwa wanalia huko mkongeni, injini inapoa polepole, mwenzangu anapumua sikioni mwangu. Kisha Bibi akashusha mkono. Wanawake wakaweka chini majembe na vikapu, wakajifunga kanga viunoni, wakasukuma mpaka gari likawaka na kuvuka.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Dereva kwanza alinuna, halafu akazoea, mwishowe akawa anamwita Bibi Stesheni Masta. Bibi alimwambia afunge mdomo, asikilize.

Baba alikuja siku ambayo hatukumtarajia, amevaa kanzu yake ya kwendea mjini. Siku hiyo mkono wa Bibi ulikaa juu muda mrefu mno.

"Bibi, leo hakuna kitu," dereva alisema. "Watoto wanachelewa."

Bibi hakushusha mkono. Baba akaona hapa pana mchezo tu, dereva atavuka vile vile, akaja kushika mlango, akaniita niteremke. Nilikuwa nimeshaokota mkoba wangu. Ndipo reli zikaanza kulia, na gari la moshi likachomoza konani, likapita mbele ya macho yetu, behewa baada ya behewa la marobota ya katani, nasi tumekaa salama tunalitazama. Lilipokwisha, Baba aliachia mlango. Akapandisha kanzu, akaikunja kiunoni, akazunguka nyuma ya gari, akaweka bega pembeni ya mama yake.

Nimefundisha watoto wa watu mpaka nikastaafu. Mkonge wa pale konani umekatwa, treni ni mara moja moja, na magari siku hizi yanawaka kwa ufunguo. Bibi na wenzake wote wametangulia. Mimi nawaona bado kwa nyuma, gari limeshawaka, sisi tunawapungia, nao wanainama kuokota majembe yao. Katika wale wanawake hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kukanyaga darasani.