Maziwa ya Siku ya Kuyeyusha

Mimi ni fundi wa redio, na bado nasema hivyo ingawa ni miaka sijaona redio ya maana mezani kwangu. Kazi nilijifunza hapa hapa mtaa wa Hewa Bora, kwa mzee mmoja aliyenipiga kofi kila nilipopoteza skrubu. Siku zile chombo kilikuwa na skrubu. Ulikifungua, ukanusa kilichoungua, ukakibadilisha, na mwenye chombo akaenda zake anaimba. Kisha zikaja taa.

Kila mtu Lubumbashi anazijua: taa za plastiki za kuchaji, zenye mshikio juu na kipaneli cha jua kisichochaji kitu. Zinaingia kwa makontena kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na njiani zinapishana na malori yanayotoka na shaba yetu na kobalti yetu. Umeme ukikatika, na kwetu kukatika ndiyo desturi yake, unawasha taa. Mwezi wa tatu inafifia, wa nne imekufa. Wala haina skrubu hata moja. Aliyeitengeneza ameipaka gundi pande zote ili mtu kama mimi asitie mkono. Niliichukia gundi ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Watu waliniletea hata hivyo. Nilipowaambia hazifai, waliniachia. "Bakia nayo, fundi, utapata ata piesi," walisema. Piesi gani! Spea utaitoaje ndani ya gundi? Lundo likapanda ukutani hadi chini ya dirisha. Mtaani kwetu hakuna gari linalokusanya taka za namna hiyo. Mwenye taa mbovu huitupa mtoni au huichoma pamoja na majani makavu. Mimi nilijiona mtu mwema kwa kuziweka.

Ndipo akaja mama mmoja wa biashara ya samaki wakavu, anayetoka Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga. Alileta simu iliyopasuka kioo. Alipoliona lundo akachukua taa moja, akaipima mkononi.

"Fundi, mu hii taa muko plomb," akasema. "Bavuvi ba kule banatafutaka plomb ya nyavu. Weye uyeyushe, miye nitabeba."

Plomb ni risasi, ile metali nzito ya kijivu inayozamisha nyavu. Nilipasua taa kwa nyundo, na kweli, ndani mlikuwa na betri ndogo ya mraba, na ndani ya betri vibati vya risasi vimelowa asidi. Furaha niliyoipata siku ile inanitia aibu. Niliona nimewaweza wale wa gundi.

Basi kila Jumamosi nikawa nayeyusha uani. Asidi nilimwaga pembeni, karibu na tuta letu la lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Vibati niliviweka katika sufuria kuukuu juu ya mbabula, jiko la makaa, na vilipoyeyuka nilimimina kwenye mifereji niliyoichonga katika tofali. Moshi wake ulikuwa mwepesi, wala haukukera pua. Jumamosi mke wangu huwa sokoni, kwa hiyo binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alibaki nami. Alikuwa na miaka minne. Alikaa kwenye kibao hatua tatu kutoka kwangu, akipanga vipande vilivyopoa na kuvihesabu mpaka ishirini, kisha kwa Kifaransa mpaka kumi. Miaka minne! Nilimtembeza mtaa mzima ili watu wamsikie.

Mke wangu hakupenda. Ni mtu wa familia iliyotoka mkoa wa Kasai, mwalimu wa shule ya msingi, na si mtu wa kurudia maneno. "Mutoto atoke pale pa moshi," alisema. Aliposema mara ya pili, sauti yake ilikuwa chini zaidi.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa namna ambayo ni mtu wa huku tu angekosea. Baba yangu, ambaye nyumba ni yake na anaishi nasi, alifanya kazi kiwandani kwenye matanuru ya shaba. Wanaume wa tanuru walipewa maziwa kila mwisho wa zamu. Maziwa, waliambiana, yanaosha moshi tumboni. Nilikua nikijua hivyo, na kila familia ya kiwanda niliyoifahamu ilijua hivyo. Hatukuwahi hata kulijadili. Kwa hiyo kila Jumamosi nilinunua maziwa ya unga, nikakoroga kikombe changu na kikombe cha mtoto, tukanywa tukiwa tumekaa kando ya mbabula. Vidole vyake vilikuwa vya kijivu, na kwa vidole hivyo alishika kikombe.

"Wacha wasiwasi, mama," baba alimwambia mke wangu. "Miye nilikunywa maziwa ile miaka yote. Hauone? Niko muzima."

Mke wangu akaingia ndani, maana baba mkwe habishiwi. Mimi nikacheka. Nakikumbuka kicheko kile vizuri mno.

Baada ya mwaka na kitu mtoto alianza kulia tumbo. Tukampa dawa ya minyoo. Akapauka, tukatibu malaria. Akawa hataki bukari, ugali wetu, akawa mkali, anarusha vyombo. Majirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi, nikagombana nao. Kisha Jumamosi moja, akiwa na vipande vyake, alihesabu akafika sita, akasimama. Akanitazama. Akaanza tena moja, akafika sita, akasimama. Nilimkaripia. Nilidhani ni uvivu.

Hospitalini daktari alimtazama ufizi na kucha, akaniuliza kazi yangu. Nikasema fundi wa redio. Akaandika. Ndipo mke wangu akasema, bila kugeuza uso kwangu: "Dokta, anayeyushaka plomb mu lupango, pa nyumba. Mutoto anaikalaka pembeni yake kila samedi."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Lakini anakunywaka maziwa," nikawahi kusema. "Kila mara, Dokta."

"Papa, maziwa haifanyake kitu. Plomb inaingia mu damu, mu mifupa, mu bongo. Na mutoto mudogo inamuharibu kupita mukubwa."

Mashine ya kupima hakuwa nayo. Damu ilibidi itumwe nje ya nchi. Jibu liliporudi halikuacha shaka. Dawa ya kwanza, alisema, ni kumwondoa mtoto katika ua ule, kwa kuwa sumu imo kwenye udongo. Nikamuuliza akili yake itarudi lini. Akasema atakua, ataenda shule, lakini kilichokwisha kuharibika tusikitegemee. Nilitaka kumpiga yule daktari, na alikuwa hajanifanyia ubaya wowote.

Mke wangu akahamia na mtoto kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Nikabaki na baba, ambaye hataki kusikia habari ya kuhama, na ambaye tangu siku ile hajataja tena maziwa wala tanuru. Nilikwangua udongo wa uani, nikaujaza kwenye magunia, nikauliza huku na huku pa kuupeleka. Hakuna aliyejua. Mmoja akanishauri niumwage kwenye mashimo ya barabara, magari yataushindilia. Barabarani ndipo watoto wa wenzangu wanapocheza. Magunia yangali ukutani, nimeyafunika kwa turubai, na mvua ikinyesha natoka kuyaangalia.

Yule mama wa Kasomeno alirudi. Nilimweleza yote. Alisikitika kwa moyo, akashika kichwa, akamwombea mtoto wangu. Kisha akauliza kama namfahamu fundi mwingine.

Wanaposema redioni kwamba dunia nzima inahitaji madini yetu, nazima. Tunayachimba sisi, wanakwenda kuyagundisha wao, na yakifa yanarudi kuzikwa kwenye ua wetu. Nina hasira, sitaficha. Ila siwezi kusema nilidanganywa tu, maana hakuna wa ng'ambo aliyekuja kuniwashia mbabula.

Kila Jumapili nakwenda kumwona binti yangu. Ana miaka saba sasa. Nyumba ya shemeji ina sheria: nioge kwanza nyuma ya nyumba, nibadili nguo hadi viatu, ndipo nimguse mtoto, kwa sababu vumbi la kwetu linanifuata. Jumapili iliyopita shemeji alikuwa bado kanisani na mke wangu yuko jikoni. Binti yangu alikuwa peke yake barazani. Aliponiona langoni akaruka chini, akanikimbilia, nami nikachuchumaa na kufungua mikono, Mungu anisamehe. Hatua mbili kabla ya kunifikia akasimama ghafla, akaficha mikono yake mgongoni.

"Papa," akasema polepole, akiyatafuta maneno. "Usinikamate. Unawe kwanza."

Mwalimu wake anasema kila wiki wanaanza upya kumfundisha siku za juma. Hilo la kuninyima mikono alikuwa amelishika. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba kuoga.