Kichwa cha Mota Moja

Fundi saa mstaafu alikuwa na jambo moja la kujivunia, na mtaa mzima ulishachoka kulisikia. Kichwa cha treni yake ya mfano, kidogo kiasi cha kuenea kiganjani, kilikuwa na mota moja tu, na bado kilipanda mlima wa mbao pale sebuleni kikivuta mabehewa yote. Cha shemeji yake, kaka wa mkewe, kilikuwa na mota mbili, moja mbele na moja nyuma. "Hicho cha mikongojo," alikiita kila Jumapili, na shemeji akicheka shingo upande.

Jumapili hii shemeji alichoka kuchekwa. Akatuma ujumbe kwamba leo vifuniko vya vichwa vyote viwili vitafunguliwa, kila mtu aone kilichomo kwa mwenzake. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu kiharusi kiulegeze mkono wake wa kulia, mkewe ndiye aliyekuwa akikitia kichwa kile mafuta, lakini sasa alikuwa uani akianua nguo. Mzee akataka kukipangusa mwenyewe kabla mgeni hajafika. Akahangaika na bisibisi kwa mkono wa kushoto, hadi kifuniko kikaachia.

Ndani mlikuwa na mota mbili.

Ya mbele aliitambua, aliifunga kwa mikono yake. Ya nyuma hakuijua kabisa. Ila waya zake zilikuwa zimelehemiwa kwa usafi anaoujua, na nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa kulehemu hivyo. Mkewe alikuwa akisuka upya nyaya za mota za feni kabla hata hawajaoana.

"Mke wangu, umenifanya nini?" alimuuliza alipoingia na nguo begani.

Mkewe aliona kifuniko mezani, akaketi. "Ulipotoka hospitali kilikuwa kinakwama mlimani. Ukasema hata wewe umekwisha, ukawa huinuki kitandani. Nikakiongezea nguvu."

"Kwa hiyo zinavuta zote mbili." Kuchekwa na shemeji angevumilia, lakini kuitwa mwongo, hapana.

"Baba, washa umeme."

Akawasha. Mota ya mbele ilivuma vizuri, lakini magurudumu yake hayakutikisika. Gia yake ilikuwa imepasuka, inazunguka bure. Yaliyozunguka yalikuwa ya nyuma.

Mzee alitoa macho. "Tangu lini?"

"Zamani. Gia kama hiyo nilitafuta nikakosa. Nikaiacha ivume, maana sauti yake unaipenda."

Miaka yote hiyo aliinamia mlima ule, akiusikiliza mvumo wa kitu kisichovuta hata behewa moja, na kujisifu. Mlango ukagongwa. Shemeji aliingia na kichwa chake kwapani, akachungulia mezani, akasimama wima.

"Hee, shemeji. Hizo si mbili?"

Mzee aliuchukua mkono wa mkewe kwa ule wake mlegevu, akaukosa, akaupata.

"Inayovuta ni moja," alisema. "Ya dada yako."